Washi tepu: mwongozo kamili wa kuitumia nyumbani, kwenye zawadi na kwenye daftari la kikoba bila kugombana na mwenye nyumba

Zile tepu za rangi rangi, zenye maua, vidoti na mistari, ambazo saizi ukizunguka steshenari za Kariakoo hauzikosi, watu wengi wananunua kwa sababu ni nzuri alafu zinaishia kwenye droo. Wengine wanazitumia kama selotepu ya kawaida, wanafungia kifurushi, kifurushi kinafunguka njiani, wanakuja kulalamika wameuziwa feki. Sio feki jamani. Washi tepu imetengenezwa ili ibanduke, gundi yake ni dhaifu kwa makusudi kabisa, na kila matumizi mazuri utakayoyaona hapa chini yanatoka hapo hapo. Kwaiyo kabla hujaikata jiulize swali moja tu: hiki ninachobandika, kuna siku nitataka kukitoa? Kama ndio, tumia washi. Kama ni kitu cha kukaa moja kwa moja, chukua gundi ya maana uachane na mapambo.

Historia kidogo, maana inasaidia kuielewa hiyo gundi. Masking tepu ya kwanza aliitengeneza Richard Drew wa kampuni ya 3M kule Marekani mwaka 1925, kwa ajili ya mafundi rangi wa magari. Enzi hizo gari la rangi mbili ndio lilikuwa fasheni, sasa fundi anafunika upande mmoja kwa karatasi na gundi, akibandua inatoka na rangi, kazi inaanza upya. Ikatakiwa tepu ya kushika kwa muda tu. Upande wa Japani kulikuwa na kiwanda mji wa Kurashiki, Kamoi Kakoshi, kilianza 1923 kikitengeneza karatasi za kunasia nzi, baadae kikahamia kwenye masking tepu za mafundi. Mwaka 2006 wanawake watatu kutoka Tokyo, watu wa kazi za sanaa, wakakiandikia kuomba waje watembelee, na wakawaonyesha kitabu walichokitengeneza wenyewe kuhusu vitu vya kupendeza walivyofanya na masking tepu. Kiwanda kikaona kumbe, kikaanza kutoa za rangi, na 2008 zikaingia sokoni kwa jina la mt, yaani kifupi cha masking tepu. Yaani hii tepu yako ya maua na ile ya fundi rangi ya mtaani ni ndugu wa damu, na ukiishiwa moja utaona huko mbele jinsi nyingine inavyoziba pengo.

KUNUNUA

Upana unaoonekana sana ni milimita 15, urefu mita 7 hadi 10. Kuna nyembamba za milimita 5 kushuka chini kwa ajili ya mistari, na kuna pana za milimita 30 na zaidi. Kwa kuanzia nunua tatu za milimita 15: moja ya rangi tupu, moja ya mistari au vidoti, moja ya maua. Ukinunua zote za maua hazitaelewana, kila moja itataka ionekane yenyewe.

Dukani ijaribu kwa vidole. Washi ni ya karatasi, inachanika kwa mkono bila mkasi, na ukiandika juu yake kwa kalamu ya kawaida wino unashika. Ikivutika kama nailoni kabla ya kukatika hiyo ni ya plastiki, haina ubaya kwenye chupa au ndoo ila kuandika juu yake ni shida na kona zake zinapenda kuinuka. Alafu angalia pembeni mwa rolo, kama pamejaa vumbi jeusi limekaa sana juani dukani, gundi ya pembeni imeshachoka, iache.

Vifaa vingine vyote unavyo: mkasi, wembe au kisu cha kukatia karatasi, rula, penseli, maka peni isiyofutika, na kadi ya zamani ya benki ya kukandamizia.

KUBANDIKA, HAPA NDIO WENGI WANAPOHARIBU

1. Kausha na futa. Maadui ni watatu: vumbi, mafuta, unyevu. Kitu cha jikoni kifute kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, kisha kitambaa cha maji, kisha acha kikauke kabisa, na kwa sisi wa pwani "kikauke" sio dakika tano, hasa msimu wa masika.

2. Usivute tepu unapobandika. Hii ndio siri yenyewe. Ukiivuta inyooke, inashika ikiwa imetanuka, usiku inarudi taratibu kwenye urefu wake na asubuhi unakuta ncha zimeinuka. Itoe kwenye rolo kwanza urefu unaotaka, iache ilegee, bandika upande mmoja, kisha ishushe kwa kidole kidogo kidogo.

3. Kandamiza kwa kadi ya benki kuanzia katikati kwenda nje. Gundi hii inaamka kwa kukandamizwa, kuigusa gusa haitoshi.

4. Ikienda upande ibandue polepole kwa pembe ya chini, karibu ilale juu ya ukuta, usiivute kuja kwako. Rudia. Inakubali kurudiwa mara kadhaa mpaka ikusanye vumbi.

UKUTANI KWENYE NYUMBA YA KUPANGA

Hapa washi ndio inajilipa, maana kwenye mikataba mingi kupiga msumari ni kesi na kupaka rangi ni kesi kubwa zaidi.

Anza na jaribio la kidole: pitisha kidole ukutani, kikitoka na unga mweupe huo ukuta ni chokaa au rangi ya maji ya bei rahisi, tepu itashika ule unga na sio ukuta, itadondoka yenyewe. Ukuta wa rangi ya mafuta au wa marumaru hauna maneno. Ukuta wa rangi ya maji iliyopakwa vizuri unakubali, lakini bandika kwanza kipande cha sentimita 5 nyuma ya mlango, kiache siku mbili, kibandue. Kikitoka na rangi acha kabisa, weka mapambo yako kwenye mlango au kabati. Na usihangaike na ile sehemu ya chini ya ukuta inayopanda unyevu na kutoa chumvi, hapo hata rangi yenyewe imeshindwa.

Kazi rahisi kuliko zote ni fremu za picha. Picha zako zilizosafishwa studio zipange kwanza sakafuni mpaka mpangilio ukupendeze, piga picha kwa simu uwe na kumbukumbu. Ukutani weka alama ndogo za penseli. Kupata mstari uliosimama wima, funga nati au funguo kwenye uzi, uning'inize, utulie, huo ndio wima wako, usiamini kona za nyumba zetu maana fundi naye alikuwa na haraka zake. Shikiza picha kwa vipande viwili vidogo vya tepu juu na chini, kisha zungushia tepu pande nne ikipanda juu ya picha milimita 3 au 4 na iliyobaki ishike ukuta. Kona usikatie ukutani na wembe utakwaruza rangi, kata ncha za tepu mshazari mezani, nyuzi 45, ndio ulete. Kama chumba kina feni weka fremu mbali na upepo wake, au kandamiza ncha mara mbili, feni ikipata kaupenyo kamoja inamaliza kazi yote usiku mmoja.

Dizaini ya ukuta mzima, kama majumlisha madogo madogo yaliyosambaa, ni vipande vya sentimita 6 viwili viwili vinavyopishana, umbali wa sentimita 20 toka kimoja hadi kingine. Jumlisha moja inakula sentimita 12, kwaiyo mita 10 zinatoa kama 80 na kidogo. Hesabu kabla ya kuanza, hakuna kitu kinaudhi kama tepu kuisha ukutani alafu duka halina tena ile rangi.

DAFTARI LA KIKOBA

Hii naipenda kuliko ya ukutani na sioni watu wakiizungumzia. Kama wewe ni mweka hazina unajua kaunta buku moja linabeba hisa, mikopo, marejesho, mfuko wa jamii na faini, na siku ya kikao unafunua kurasa huku dada zako wanakutazama kama umewala.

Chagua rangi moja kwa kila kitu, hisa kijani, mikopo nyekundu, na kadhalika. Ukurasa wa kwanza wa kila sehemu weka kikonyo: kata sentimita 4 za tepu, nusu yake ipite kwenye ukingo wa karatasi mbele, ikunje nyuma, ile katikati inayotokeza nje ishikane yenyewe kwa yenyewe, hapo andika jina. Viweke vimeshuka ngazi ngazi, kimoja chini ya kingine, visizibane. Ndani ya sehemu ya mikopo, mwanachama akimaliza deni bandika kipande kidogo cha dhahabu kwenye jina lake. Usitumie tepu kufunika namba uliyokosea, hata kama ni nzuri kiasi gani, kwenye daftari la hela za watu unakata kwa mstari mmoja na kuweka sahihi, tepu juu ya namba inazaa maneno.

Ukurasa wa kwanza kabisa weka kalenda ya mwezi, mstari mwembamba wa tepu kwenye tarehe za kikao, mrefu kulingana na siku. Kikao kikiahirishwa unabandua na kusogeza, daftari linabaki safi.

Watoto wa shule vilevile, madaftari yote yamefunikwa kaki na yote yanafanana, mstari wa bluu wa Hisabati, wa njano wa Kiswahili, unapita kwenye mgongo wa daftari ili yakiwa kwenye begi yamesimama mtoto achomoe bila kutoa yote.

MAKOPO, FRIJI NA WAYA

Viungo: binzari, bizari nyembamba na garam masala kwenye makopo yanayofanana ni mtihani, kila kopo lipe mkanda wa tepu sentimita 6, jina na tarehe kwa maka peni. Ukimaliza kiungo unabandua, kopo unaweka kingine, hukwangui stika kwa kucha.

Vya friza bandika kabla havijagandishwa, kopo likiwa kavu. Tuwi la nazi, maharage yaliyochemshwa, nyanya iliyosagwa, vyote vikigeuka barafu vinafanana mno. Ukijaribu kubandika juu ya kopo lenye ukungu wa baridi tepu haishiki hata dakika.

Waya za nyuma ya televisheni: sentimita 6, izungushe kwenye waya karibu na plagi, ncha zikutane zishikane zitokeze kama kibendera, andika king'amuzi, redio, ruta. Siku fundi anakuja au umeme umeanza kucheza unajua uchomoe nini. Weka kwenye waya tu, sio juu ya kichwa cha chaja kinachopata moto. Funguo nazo, kichwani mwa kila ufunguo rangi yake, geti, mlango, stoo.

ZAWADI NA SHEREHE

Karatasi ya kaki na washi mbili zinatosha kumshinda mtu aliyenunua karatasi ya zawadi ya bei mbaya. Funga zawadi kwa selotepu ya kawaida kwanza, ndio inayobeba kazi, kisha pitisha washi juu ya ile selotepu kuificha. Msalaba mmoja au mistari mitatu ya karibu karibu upande mmoja wa boksi, basi, ukizidisha inakuwa kelele. Kwa ujasiriamali wa karanga, ubuyu, visheti, ni hivo hivo: mfuko uzibe inavyotakiwa kwanza, washi iwe ya nje tu kushikilia kikadi chako, isiguse chakula.

Vibendera vya kitchen party au birthday ya mtoto: kata tepu sentimita 10, uzi upite katikati, ikunje ishikane gundi kwa gundi, ncha ikate kipembe kama mkia wa mbayuwayu. Kwenye mita moja ya uzi, kibendera kila sentimita 5, ni vibendera 20 na umetumia mita 2 za tepu. Ukifanya hivo hivo kwenye vijiti vya meno unapata vibendera vya keki na bites.

Kadi: karatasi ngumu ikunje mbili, mbele bandika vipande vitatu vya tepu tofauti, kirefu chini, cha kati, kifupi juu, hiyo tayari ni keki. Chora mishumaa.

KAVA LA SIMU

Kava la plastiki lisilo na rangi, lile linaloonyesha. Lilaze juu ya karatasi nyeupe ngumu, chora kulizunguka na tundu la kamera, kata milimita 2 ndani ya mstari wa nje, tundu la kamera kata juu ya mstari wake. Funika karatasi kwa mistari ya tepu ikigusana, pembeni punguza kwa mkasi. Iweke kati ya simu na kava. Tepu haigusi simu kabisa, na wiki ijayo unabadilisha.

UBAO WA DRAFTI

Tafuta kadibodi ngumu, upande wa boksi la friji ni bora, kata mraba wa sentimita 32. Piga mistari kila sentimita 4, unapata vyumba 64. Vizibo vya soda vina upana wa kama sentimita 3 na kidogo, kwaiyo 4 inatosha kucheza bila kugongana.

Usibandike chumba kimoja kimoja moja kwa moja, utachoka. Chukua ile karatasi laini inayobaki nyuma ya stika, au nailoni ngumu, bandika juu yake mistari mitatu ya tepu nyeusi au yoyote ya giza, kila mmoja upande juu ya mwenzake milimita 2 na nusu, jumla upate upana wa sentimita 4. Sasa kata kwa rula kila sentimita 4, umepata miraba ambayo ni stika tayari. Unahitaji 32, ambayo ni sentimita 128 mara tatu, yaani karibu mita 4 za tepu. Ibandue, panga kwenye vyumba ukiruka kimoja kimoja, kandamiza kwa kadi. Vizibo 12 vikitazama juu, 12 vikitazama chini, mchezo uanze. Tepu ikichakaa kwa kusuguliwa na vizibo unabadilisha mraba ule tu.

Na hiyo mbinu ya kubandika kwanza kwenye karatasi ya nyuma ya stika ndio unayotumia kwa umbo lolote, nyota, majani, herufi za jina la mtoto mlangoni.

KAMA HAUNA, TENGENEZA

Masking tepu ya duka la vifaa vya ujenzi ni nafuu sana ukilinganisha. Ibandike kwenye nailoni, chora mistari au vidoti kwa maka peni, acha ikauke, bandua. Ila ya fundi ina gundi kali kidogo kuliko washi, jaribio la ukuta fanya siku zote.

Nyingine ni mabaki ya kitenge, omba kwa fundi cherehani wanatupaga. Kipige pasi, mgongoni bandika tepu ya pande mbili bila kutoa karatasi yake, kata kwa rula vipande vyembamba. Siku ya kutumia ndio unatoa karatasi. Inapendeza kwenye albamu, maboksi na vase, lakini hii imegoma kubanduka, isipelekwe ukutani.

PA KUTOIWEKA

Ndani ya tundu la soketi au juu ya matundu ya hewa ya kifaa chochote. Karibu na jiko, balbu, mdomo wa glasi ya mshumaa, ni karatasi hii, inawaka. Kikombe cha kuoshwa kila siku, mswaki, ndoo ya kuogea, haitamaliza siku. Kuziba bomba msiwaze. Dirisha linalopigwa jua mchana kutwa inapauka na gundi inaungua inabaki kwenye kioo.

KUTOA GUNDI ILIYOGANDA

Tepu iliyokaa miezi kwenye joto inaweza kuacha alama. Kwanza ipashe na drai ya nywele kwa moto mdogo, ikilegea ibandue ukiwa umeilaza. Kwenye kioo, marumaru au plastiki, paka mafuta ya kupikia, acha dakika kumi, sugua kwa kitambaa, malizia na sabuni ya vyombo. Kwenye ukuta wa rangi ya maji usipake mafuta, utabadilisha alama ndogo kuwa doa kubwa. Chukua kipande kipya cha tepu hiyo hiyo, kigongeshe juu ya gundi na kuinua, gongesha na kuinua, kinaizoa kidogo kidogo. Kwenye karatasi tumia rababa safi, ikianza kuchuna karatasi acha hapo na bandika kipande kipya juu.